BENEDICTO KIWANUKA: MLEI ALIYESIMAMIA HAKI HADI MWISHO



Wanakwaya wenzangu na waamini wapendwa, katika vijitabu vya jubilei tumezoea kusoma maisha ya watakatifu, ya maaskofu na ya wamisionari waliotuletea Injili. Ni vema, na hatutaacha kuwakumbuka. Lakini kwaya ni kundi la walei. Sisi ni walimu, wauguzi, wafanyabiashara wa sokoni, wafugaji, askari, madereva na akina mama wa nyumbani. Jumapili tunavaa sare na kuimba, na Jumatatu kila mmoja anarudi kazini kwake. Kwa hiyo kamati ilionelea kwamba mwaka huu wa jubilei tusome maisha ya mlei mwenzetu wa hapa Afrika Mashariki, mtu aliyekuwa na mke na watoto, akafanya kazi ya uwakili na siasa, akafa kwa sababu ya kazi hiyo. Mtu huyo ni Benedicto Kagimu Mugumba Kiwanuka wa Uganda, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi hiyo na Mganda wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wake.

Asichanganywe na Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka, aliyeishi wakati uleule. Yule alikuwa askofu, na mwaka 1939 aliwekwa kuwa mchungaji wa Masaka. Huyu wetu hakuwahi kupokea daraja takatifu.

Nchi aliyozaliwa

Benedicto alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 katika eneo la Buddu, upande wa Masaka, kusini mwa Uganda. Ili tuyaelewe maisha yake, ni lazima tujue kwanza Buddu ni mahali gani.

Wengi wetu tumesikia habari za Namugongo, na baadhi yetu tumefika huko kuhiji tarehe 3 Juni. Mashahidi wa Uganda waliuawa kati ya mwaka 1885 na 1887 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Tukumbuke kwamba wote 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mwaka 1964 walikuwa walei. Wa kwanza wa Wakatoliki hao, Yosefu Mukasa Balikuddembe, alikuwa na cheo katika ikulu ya Kabaka. Aliuawa mwezi Novemba 1885 baada ya kumkemea mfalme kwa kuagiza kuuawa kwa James Hannington, askofu wa Kianglikana. Yaani Mkatoliki alitoa uhai wake baada ya kutetea uhai wa mtu wa dhehebu jingine.

Jambo la kusikitisha ni kwamba miaka michache tu baada ya hapo, Wakatoliki na Waprotestanti wa Buganda walishikiana silaha. Mwezi Januari 1892 walipigana Mengo. Waprotestanti walisaidiwa na Kapteni Lugard pamoja na bunduki zake za Maxim, wakashinda, na Wakatoliki wengi wakakimbilia Buddu. Tangu wakati huo Buddu ikawa nchi ya Wakatoliki. Mkataba wa mwaka 1900 kati ya Waingereza na Buganda ukaliimarisha jambo hilo. Vyeo vikubwa vilikwenda kwa Waprotestanti, na cheo cha Katikiro, ambaye ni waziri mkuu wa Kabaka, kikabaki mikononi mwao mwaka baada ya mwaka. Wakatoliki walikuwa wengi nchini, lakini mlango wa uongozi ulikuwa mwembamba kwao.

Huko ndiko alikokulia Benedicto. Alisoma katika shule za misheni, na hakuwa mtoto wa mkuu wala wa ukoo wa kifalme.

Askari, mwanafunzi, wakili

Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alijiunga na jeshi la King's African Rifles, lile lile ambalo wazee wengi wa kaskazini mwa Kenya walilitumikia. Alifanya kazi hapa Kenya, kisha Misri na Palestina, akapanda hadi cheo cha sajenti meja. Mwaka 1946 aliachana na jeshi akiwa kijana wa miaka 24.

Vijana wa kwaya wanaodhani wamechelewa kusoma wasikie hili. Benedicto alikuwa na karibu miaka 28 alipokwenda Basutoland, ambayo leo ni Lesotho, kujiunga na chuo cha Kikatoliki cha Papa Pius wa Kumi na Mbili kule Roma. Hiyo ni Roma ya Lesotho, siyo ya Italia. Kutoka huko alikwenda London mwaka 1952 kusomea sheria, na mwaka 1956 akakubaliwa kuwa wakili. Alirudi nyumbani akiwa na miaka 34, akafungua kazi ya uwakili.

Chama cha ukweli na haki

Wakati Benedicto yuko masomoni, nyumbani jambo kubwa lilikuwa limetokea. Mwaka 1954 walei Wakatoliki walianzisha chama cha Democratic Party, kwa kifupi DP. Mwaka uliofuata mmoja wa viongozi wao, Matayo Mugwanya, aligombea cheo cha Katikiro akashindwa kwa kura chache sana. Waamini wengi waliamini kwamba alikosa cheo kwa sababu ya dini yake, na chama kikapata nguvu. Chama kilichagua maneno mawili kuwa wito wake: ukweli na haki.

Mwaka 1958 Benedicto Kiwanuka alichaguliwa kuwa rais wa chama. Kazi iliyomkabili haikuwa ndogo. Wapinzani walikuwa wameyapa majina ya DP maana yao. Walisema ni Dini ya Papa, kwa Kiswahili kabisa, ili kila mtu aelewe. Na tuseme kweli, dhihaka hiyo haikutoka hewani. Chama kilizaliwa kwa malalamiko ya Wakatoliki, na wafuasi wake wengi walikuwa Wakatoliki. Kiwanuka alijitahidi kuonyesha kwamba haki anayoidai ni ya kila raia, awe Mkatoliki, Mprotestanti, Mwislamu au mtu wa dini ya jadi. Alitaka Uganda moja yenye bunge lililochaguliwa na wananchi wenyewe. Hata hivyo jina la Dini ya Papa lilimfuata maisha yake yote ya siasa.

Hapa kuna somo zito kwetu sisi wa Isiolo. Tunaishi pamoja Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na wengine. Msikiti na kanisa vinasikilizana adhana na kengele. Mkatoliki akiingia katika mambo ya umma hapa kwetu, watu watauliza kwanza kama amekuja kutafutia watu wake au amekuja kutafutia wote. Kiwanuka aliulizwa swali hilo hilo, na maneno pekee hayakutosha kulijibu. Lilijibiwa baadaye na matendo yake, kama tutakavyoona.

Waziri Mkuu wa kwanza

Uchaguzi wa mwezi Machi 1961 ulikuwa wa kuelekea kujitawala. Serikali ya Kabaka kule Mengo iliwataka watu wa Buganda wasijiandikishe wala wasipige kura, kwa kuogopa kwamba Bunge la nchi nzima lingepunguza heshima ya Kabaka. Kiwanuka, ingawa yeye mwenyewe ni Muganda, alikataa agizo hilo. Aliwaambia wafuasi wake waende wakapige kura, kwa kuwa haki ya raia kuchagua viongozi wake haiwezi kuwekwa kando kwa amri ya mkubwa. Wengi walitishwa. Waliokwenda walikuwa wachache sana, na karibu wote walikichagua DP.

Kwa njia hiyo DP kilipata viti vingi kuliko UPC, chama cha Milton Obote, ingawa kura za UPC kwa nchi nzima zilikuwa nyingi zaidi. Jambo hilo wapinzani hawakuacha kulitaja, nasi tusilifiche. Kiwanuka alikuwa Waziri Kiongozi mwaka huo wa 1961, na tarehe 1 Machi 1962, Uganda ilipopewa madaraka ya ndani, akawa Waziri Mkuu wa kwanza.

Lakini Mengo hawakumsamehe. Kwao ilikuwa aibu kwamba mtoto wa mtu wa kawaida akae katika kiti kinachoonekana kuwa juu ya Kabaka. Kikaundwa chama cha Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake, nacho kikafungamana na UPC. Kwenye mazungumzo ya katiba kule London ilikubaliwa kwamba Lukiko, baraza la Buganda, linaweza kuwateua wabunge wa Buganda badala ya wananchi kuwachagua moja kwa moja. Kiwanuka alipinga mpango huo kwa nguvu. Mpango ulipita. Mwezi Februari 1962 Kabaka Yekka walishinda uchaguzi wa Lukiko, DP wakaambulia viti vitatu. Mwezi Aprili UPC na Kabaka Yekka kwa pamoja waliishinda DP, na Kiwanuka akabaki bila hata kiti cha ubunge.

Bendera ya Uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, Obote ndiye aliyekuwa Waziri Mkuu. Kiwanuka alikuwa ameshika kiti hicho kwa miezi miwili tu. Alikabidhi madaraka, akarudi kwenye uwakili na uongozi wa chama. Hakuingia msituni na hakuwaita vijana washike mapanga.

Katika siku hizo za mwaka 1961, Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka aliwaandikia waamini waraka juu ya Kanisa na serikali, akionya juu ya hatari ya kumwingiza Kabaka katika ugomvi wa vyama. Onyo hilo lilionekana kuwa la kweli baada ya miaka mitano. Urafiki wa UPC na Mengo ulivunjika, na mwezi Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia ikulu ya Kabaka. Mutesa alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote zilifutwa. Waliomkataa Kiwanuka ili wamlinde Kabaka walimpoteza Kabaka na ufalme pia.

Kizuizini, kisha kitini

Kiwanuka aliendelea kusema wazi juu ya makosa ya serikali. Mwezi Desemba 1969 Obote alipigwa risasi akajeruhiwa, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku, na Kiwanuka akawa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Alikuwa bado humo tarehe 25 Januari 1971, Idi Amin alipopindua serikali. Siku chache baadaye Amin aliwafungulia wafungwa wengi wa kisiasa, naye akiwemo. Mwezi Juni mwaka huohuo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu.

Wapo wanaouliza mpaka leo kwa nini alikubali. Mtu aliyesimamia uchaguzi wa haki alipokeaje cheo kutoka kwa mwanajeshi aliyeingia kwa bunduki? Ni swali la haki, na linawahusu Wakristo wote wanaofanya kazi chini ya wakubwa wasio wema. Tunalojua ni kwamba mwanzoni Waganda wengi, wenye dini na vyama mbalimbali, walimshangilia Amin, na kwamba nchi isiyo na mahakama inawaumiza wanyonge kwanza. Mtu anaweza kukaa mbali na kiti ili mikono yake ibaki safi. Anaweza pia kukikalia ili kuwatetea wengine, akijua kwamba siku itafika atakapotakiwa kuchagua kati ya kiti na haki. Kwa Kiwanuka siku hiyo ilifika baada ya miezi kumi na tano.

Mwaka 1972 hali ilikuwa mbaya. Mwezi Agosti Amin alikuwa ametangaza kuwafukuza Waasia. Watu walikuwa wakikamatwa na askari bila hati na bila mashtaka. Mwanzoni mwa Septemba lilifika mbele ya Jaji Mkuu ombi la kumhusu Mwingereza mmoja aliyekuwa ameshikwa na wanajeshi. Sheria inaruhusu ndugu au wakili wa mtu aliyefungwa kuiomba mahakama iagize aletwe mbele yake, na waliomfunga waeleze ni kwa sheria gani. Kiwanuka alitoa agizo hilo. Aliamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumkamata mtu yule na kumfungia, na kwamba aachiliwe.

Tutazame vizuri huyo aliyetetewa alikuwa nani. Hakuwa Mganda, hakuwa mwana DP, na hakuna faida yoyote ya kisiasa ambayo Jaji Mkuu angeipata kwake. Alikuwa mgeni kutoka taifa lililokuwa limeitawala Uganda, katika siku ambazo kumtetea mgeni kulikuwa hatari. Hapo ndipo lile swali la Dini ya Papa lilipata jibu lake. Haki aliyoidai Kiwanuka kwa Wakatoliki wa Buddu alipokuwa kijana, ndiyo aliyompa mtu asiye wa kwao alipokuwa na uwezo wa kuitoa.

Tarehe 17 Septemba wafuasi wa Obote waliokuwa Tanzania walivuka mpaka na kushambulia upande wa Masaka na Mbarara. Walishindwa, lakini Amin alipata sababu ya kuwashuku watu wengi zaidi. Asubuhi ya tarehe 21 Septemba 1972 watu wa Amin waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamkamata Jaji Mkuu kazini kwake mchana kweupe, wakaondoka naye. Hakurudi tena. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana. Alikuwa na miaka 50.

Mkewe na watoto hawakupata hata kaburi la kuwekea maua. Miezi michache baadaye, Januari 1973, aliuawa pia Padre Clement Kiggundu, mhariri wa gazeti la Kikatoliki la Munno. Ikawa wazi kwamba utawala ule haukutaka sauti ya mahakama wala ya gazeti.

Anatuachia nini?

Waganda hawakumsahau. Chama chake kiliongozwa kwa miaka mingi na Paul Ssemogerere, aliyekuwa karibu naye kikazi akiwa kijana. Katika miaka ya karibuni mahakama za Uganda zimekuwa zikifanya mhadhara wa kila mwaka wa kumkumbuka, ambapo majaji na mawakili wa dini zote hukaa pamoja kuzungumzia utawala wa sheria.

Sisi wa Isiolo nasi tunajua maana ya kupoteza mtu wa haki. Tarehe 14 Julai 2005 mchungaji wetu, Askofu Luigi Locati, aliuawa kwa risasi hapa mjini baada ya miaka mingi ya kujenga shule na kuhudumia watu bila kuwauliza dini. Yeye alikuwa askofu, Kiwanuka alikuwa mlei, lakini wote wawili waliwatumikia watu wasio wa kundi lao.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya utume wa walei, ulifundisha kwamba kuyatengeneza mambo ya dunia kwa roho ya Injili ni kazi ya walei hasa. Hatuwezi kumwachia Baba Paroko. Padre hatakuwa mjumbe wa bodi ya shule kwa niaba yetu, wala karani wa uchaguzi, wala mzee wa kijiji anayeamua ugomvi wa malisho na maji. Kila Kwaresima Tume ya Haki na Amani hutuletea kijitabu cha kampeni, nasi hukisoma katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma baada ya juma, tukizungumzia rushwa, uchaguzi, mazingira na familia. Mara nyingi mazungumzo huishia pale tunapofunga kwa sala. Maisha ya Kiwanuka yanatuomba tuyachukue hadi ofisini, sokoni na kwenye kituo cha kura.

Mwanakwaya aliyepewa kazi ya kugawa chakula cha msaada wakati wa ukame amwandike mjane wa Kiislamu sawasawa na mama wa jumuiya yake. Anayehesabu kura ahesabu zilizopigwa. Anayeandika ripoti ya polisi aandike yaliyotokea. Anayeshindwa katika uchaguzi akubali kushuka kama Kiwanuka alivyoshuka mwaka 1962, na aendelee kufanya kazi yake. Na anayepewa cheo ajiulize mapema, kabla siku ya majaribu haijafika, ni jambo gani hatalifanya hata kama kwa kulikataa atakipoteza cheo hicho.

Katika Misa ya shukrani ya jubilei hii tutawaombea wanakwaya wetu waliotangulia mbele ya haki. Tumwombee pia Benedicto Kiwanuka, ambaye hana kaburi linalojulikana, ili Mungu aliyeuona mwisho wake ampe pumziko. Tuwaombee na walei wote wa Kenya na Afrika Mashariki wanaofanya kazi mahakamani, bungeni, katika kaunti, shuleni na hospitalini, wapate moyo wa kusema ukweli na kutenda haki.

Kwa niaba ya kamati ya kwaya, nawatakia nyote jubilei yenye baraka tele.

Katibu wa Kwaya